Pedi za breki Sumbawanga: ogopa zaidi boksi la jina kubwa kwa bei ya kutupa

Mwenye Noah anayekaa Milanzi, pedi za breki zikiisha, akifika dukani atasikia maneno mawili tu: OG na feki. Mgawanyo huo ni mwepesi, na ndio unaowapoteza wanunuzi wengi.

Kuna kundi la tatu. Ni spea za kampuni ambayo haikuunda gari lako, ila inauza kwa jina lake yenyewe. Denso na Aisin za Japani, kwa mfano, zinaipelekea Toyota vifaa na pia zinauza kwenye maboksi yenye majina yao. Hizo si feki. Feki ni spea iliyovalishwa jina la mwingine.

Hapo ndipo wengi wanapopigwa. Wanaikataa spea ya kampuni wasiyoizoea kwa kuiita "ya Kichina", kisha wanabeba boksi lililoandikwa Toyota kwa nusu ya bei. Anayeghushi haigi jina lisilouza. Boksi la jina kubwa kwa bei ya kutupa linatia shaka kuliko la jina dogo kwa bei ya kawaida.

Kwa Ufipa, hili si suala la pesa tu. Mji wa Sumbawanga uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Rukwa liko kama mita 800. Gari la kwenda Muze linashuka ukuta wa Lyamba lya Mfipa likiwa limejaa abiria na mizigo. Pedi mbovu huweza kushika vizuri tu mjini, kwenye tambarare. Ikipata moto mteremkoni inapoteza nguvu, na dereva anagundua akiwa kwenye kona.

Tatizo jingine ni umbali. Mzigo mwingi unatoka Kariakoo, zaidi ya kilomita 1,000, unakuja kwa basi. Fundi anapiga simu, anatumiwa, anaweka cha juu chake, anafunga. Si kila fundi ni tapeli. Wengine wanapigwa na wao. Ila mwenye gari mara nyingi halioni hata boksi.

Dawa ni kuomba picha kabla mzigo haujapakiwa, ionyeshe boksi na pedi yenyewe, na namba ya spea ilinganishwe na namba ya chesisi, maana Noah za miaka tofauti hazivai pedi moja. Kwenye bamba la chuma la pedi tafuta pia herufi E ndani ya duara, ikifuatiwa na namba zenye 90R. Ni alama ya kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa, inayotaka pedi ya kubadilishia ipimwe uwezo wake dhidi ya ile ya kiwandani. Pedi nzuri za Japani zinaweza kukosa alama hiyo, na alama nayo inaghushiwa, lakini ni bora kuliko neno la muuzaji anayesema "hii OG kabisa, bosi".

Sheria ipo. Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 inagusa bidhaa bandia, na ile ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Zote zinasimamiwa na FCC. Lakini ofisi yake ya kanda iko Mbeya, zaidi ya kilomita 300, na nani atapanda basi hadi huko kwa ajili ya seti moja ya pedi?

Ndiyo maana duka la mjini ambalo kesho utalikuta palepale linastahili kulipwa zaidi kidogo, mradi linatoa risiti ya EFD iliyoandika jina na namba ya spea, si "vifaa vya gari" tu. Na boksi lisitupwe gereji. Likae kwenye buti pamoja na pedi za zamani hadi gari lishuke Muze na kupanda tena mara kadhaa.