LMD isibaki ku makaratasi: krediti ni ya mwanafunzi

Kila mwaka, kisha deliberasioni, tunaona picha ileile. Matokeo yanabandikwa ku valvu, vijana wanasukumana, kila mtu anatafuta jina lake kwa kidole. Wamoja wanaruka kwa furaha. Wengine wanatoka polepole bila kusema na mtu, wanaenda kukaa pembeni na kupiga hesabu: mwaka muzima tena, minervali tena, na mama amekwisha kuuza kiwanja.

Kati ya hao kulikuwa wenzetu wawili, wote wa uinjinia wa umeme, wote wameanguka ku kozi moja tu ya mekanika. Ku biro walipewa jibu moja: "Murudiliye mwaka." Wakauliza juu ya LMD. Wakajibiwa: "Ile iko ku makaratasi." Dada alirudi nyumbani, akatafuta reglema ya masomo, akaisoma mpaka mwisho, akaandikia juri barua. Walimpa haki yake: akapanda mwaka na deni ya ile kozi. Lakini barua ilizunguka ma biro, na yeye akapoteza karibu miezi miwili ya muhula wa kwanza. Kaka hakuandika. Alisema: "Mimi ni nani, nibishane na prof?" Leo anaendesha moto. Hatudharau kazi ya moto, inalisha nyumba mingi humu mjini. Tunasema tu kwamba hakuichagua. Reglema ilikuwa upande wake, na hakuna mtu aliyemwambia.

Njo maana leo tunaandika juu ya krediti, opsioni na deni. Wengine watasema hiyo si mambo ya raia, ni mambo ya wanafunzi. Sisi tunaona kinyume. Kijana anayepoteza mwaka juu ya kutojua sheria amenyang'anywa kitu, sawa vile yule anayelipishwa kodi ambayo haiko.

Tuanze na sheria

Sheria-kiongozi nambari 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya elimu ya taifa njo iliweka LMD: lisansi, masta, doktora. Kwa miaka mingi ilibaki kwa vyuo vichache. Ni mwaka wa masomo 2021-2022 wizara ilipotaka ianze fasi zote.

Zamani tulikuwa na gradua ya miaka 3, kisha lisansi ya miaka 2. Leo lisansi ni miaka 3, maana yake mihula 6 na krediti 180. Masta ni miaka 2 juu yake, mihula 4 na krediti 120. Kila muhula una krediti 30, kila mwaka 60. Krediti inapima kazi yote ya mwanafunzi: saa za darasani, saa za labo, na saa za kujisomea usiku na tochi ya simu.

Hapa kuna mtego wa kwanza. Neno "lisansi" limebaki lilelile, lakini kitu kimebadilika. Baba anayekumbuka lisansi ya zamani anakumbuka miaka 5. Lisansi ya leo ni miaka 3. Kwa uinjinia hiyo si jambo dogo, juu mafunzo kamili ya injinia yanafika ku mwaka wa 5, ku masta. Mwenye kusimama ku mwaka wa 3 ana diploma ya kweli, na kazi iko kwa ajili yake, lakini aulize mapema diploma ile itaandikwa jina gani, na ile masta anayoahidiwa iko tayari ao itafunguliwa "siku moja". Tumeona vijana wanamaliza lisansi, halafu wanaambiwa masta ya opsioni yao haiko humo. Familia ilikuwa imepanga feza ya miaka 5 mu mji mmoja. Sasa inabidi nauli, nyumba na chakula mu mji mwingine.

Deni si zawadi

Mu mfumo wa zamani, mwaka ulikuwa kama mlango mmoja: unapita wote ao unabaki inje wote. Mu LMD, kozi zinakusanywa mu ma unite, na unite uliyoshinda ni yako. Hauirudilie. Ukifikisha kiwango cha krediti kilichoandikwa mu reglema, unapanda na deni ya zile zimebaki. Hiyo njo roho ya mfumo: unachokwisha kupata hakipotei.

Lakini tuambizane ukweli. Deni ni deni. Mu uinjinia, kozi zinabebana sawa vile matofali ya ukuta. Bila analizi ya kwanza, ya pili itakusumbua. Bila kozi ya nguvu za vifaa, kozi ya betoni na chuma utaiona kama lugha ya wageni. Kwa hiyo mwenye deni aulize mara moja: kozi hii inafungua kozi gani za mbele? Kama ni kozi inayobeba zingine, ilipe ya kwanza. Kuna wanaofurahi "nimepita na deni", halafu wanafika ku mwaka wa 3 wakibeba madeni ya miaka miwili, na ratiba ya mitihani inagongana: saa moja, vyumba viwili, mwanafunzi mmoja.

Kubadilisha opsioni: piga hesabu mbele

Tusifichane kitu kingine: wengi wetu tunachagua opsioni sawa vile tunachagua nguo. Tunaona mwenzetu amevaa, na sisi tunataka. "Ujenzi njo iko na feza." "Informatika haina mvua." "Mwanamuke hawezi ku mekanika." Hiyo ya mwisho ni uongo mutupu, na tumechoka kuisikia.

Inchi hii inaomba mainjinia wa kila aina. Inga ya 1 na ya 2, ku mto Kongo, zilijengwa kwa kutoa megawati karibu 1,775, na bado familia mingi zinapika na makala. Hapa kwetu Kivu, kituo cha Matebe kinatoa umeme mu maji ya Rutshuru, na chini ya Ziwa Kivu kuna gazi ya metani. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilitapika, moto ukafunika nyumba na barabara kaskazini ya Goma. Nani atapanga ule mji upya? Kusini, Lubumbashi na Kolwezi, shaba na kobalti zinatoka kila siku. Umeme, ujenzi, mekanika, migodi: hakuna opsioni ya wajinga.

Na kama umekosea? Inawezekana kubadilisha. Mu miaka ya kwanza, opsioni za uinjinia zinafanana sana: analizi, aljebra, fizikia, kemia, kuchora kwa ufundi. Tuseme umemaliza mwaka wa 1 wa umeme na krediti zako 60, unataka kwenda ujenzi. Juri inaangalia kozi kwa kozi. Tuseme inakukubalia 42. Zimebaki 18 za kutafuta, juu ya 60 za mwaka wa 2. Jumla 78, maana yake 39 kwa muhula pahali pa 30. Ni mzigo, lakini kwa mwenye nguvu inabebeka, na anaweza kuugawanya kwa miaka miwili kama reglema inaruhusu. Sasa fanya hesabu ileile kisha miaka 3: kozi za pekee zimekuwa mingi, zinazofanana zimekuwa chache, na unaweza kupoteza zaidi ya mwaka. Kwa hiyo kama moyo unakataa opsioni, usingoje. Sema mapema, na uombe jibu kwa maandishi.

Wenzetu waliokimbia

Tangu mwanzo wa mwaka 2025, vita vimetawanya wanafunzi wa Goma na Bukavu. Kuna aliyeanza masomo hapa na leo yuko Beni, Kisangani, Kinshasa, ao ng'ambo ya mpaka. LMD ilitengenezwa pia kwa ajili ya mwenye kuhama: krediti zake zinapashwa kusafiri naye. Lakini krediti bila releve ya pointi ni maneno tu. Mwenye kukimbia usiku hakubeba releve, alibeba mtoto wa dada yake. Akifika, anaombwa karatasi ambayo iko mu biro iliyofungwa. Anaambiwa aanze ku mwaka wa 1. Mtu amefika ku mwaka wa 4, aanze ku mwaka wa 1! Hapo hatuwezi kusema "avumilie".

Tunachodai

Kwa wakubwa wa vyuo: mubandike ku valvu na mu intaneti, mbele ya maandikisho, programu nzima ya kila opsioni, na krediti za kila kozi, na kanuni ya deni. Kifungu cha 24 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupata habari. Reglema iliyofungwa mu droo si reglema, ni siri.

Musifungue opsioni ambayo haina labo wala walimu. Kijana hawezi kujifunza motere ku ubao.

Barua ya kuomba kuangaliwa upya ijibiwe mbele masomo hayajaanza, si kisha miezi miwili.

Kwa wizara: iweke njia ya pekee kwa waliokimbia. Chuo kinachopokea kiandikiane na chuo kilichoachwa, ma biro yaongee kati yao. Na kama karatasi zimepotea, mwanafunzi apewe mitihani ya kuonyesha anachojua, asirudishwe mwanzo kama vile hakusoma.

Na kwa sisi wenyewe

Tusingoje wizara. Mbele ya kutoa feza ya maandikisho, twende tukiwa wawili ao watatu, tuulize haya: Opsioni hii ina krediti gani mwaka kwa mwaka? Labo iko wapi, tunaweza kuiona leo? Masta yake iko hapa? Nikianguka ku kozi moja, nini inafuata? Nikihama, releve inatoka kisha siku ngapi na kwa bei gani? Kama biro haiwezi kujibu maswali matano, huenda haiwezi pia kulinda miaka yako mitano.

Releve ya kila muhula, uipige picha, uitume ku barua-pepe yako na kwa mtu mmoja wa familia. Kila barua unayopeleka ku biro, baki na kopi yenye muhuri. Usimtukane prof, usimwogope pia. Andika kwa heshima, taja kanuni, weka tarehe.

Yule dada wa umeme alilipa deni yake ya mekanika. Siku hizi, kila mara matokeo yanapobandikwa, anasimama karibu ya valvu na kopi za reglema mkononi, anagawia wale wanaotoka polepole. Hakuna mtu aliyemtuma. Tunaomba kila fakilte ipate mtu kama huyo, na mwaka huu huyo mtu aweze kuwa wewe.