Mtoto Aliyelemewa Moyoni Naye Ana Dharura

Ndugu wazazi, walezi na walimu wa Kenya,

Mtoto akishikwa na degedege usiku wa manane, jirani mwenye gari huamshwa, bawabu hufungua lango la hospitali mbio, na muuguzi huacha yote aliyokuwa akiyafanya ampokee. Lakini akiletwa msichana wa kidato cha pili anayesema hataki tena kuishi, mara nyingi huwekwa kwenye benchi katikati ya majeruhi wa ajali, watu wazima wakimhubiria na kumkaripia. Akitulia, huambiwa arudi nyumbani. Huyu naye ni mgonjwa mahututi. Tunawaomba msimame pamoja nasi ili apokelewe kama mgonjwa.

Si fadhila tunayoomba. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na haikutenga maradhi ya mwili na ya akili. Ibara ya 53 inampa kila mtoto haki ya huduma za afya. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Kwa miaka mingi kifungu hicho kilizitia familia woga. Mzazi aliyeogopa polisi alimwambia daktari kwamba mtoto alikunywa sumu kwa bahati mbaya. Mtoto akatibiwa tumbo, na lililomsibu moyoni likabaki vilevile.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila vijana saba wa umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari jijini Nairobi haiwezi kuwabeba wote wanaozidiwa, wala mtoto wa Turkana au Kwale hawezi kuingoja.

Tunaiomba kila hospitali kuu ya kaunti mambo matatu. Kwanza, chumba kitulivu karibu na idara ya dharura, mtoto akae na mtu wake mbali na kelele na macho ya watu. Pili, katika kila zamu, usiku na wikendi, awepo muuguzi au tabibu aliyefunzwa kuzungumza na mtoto na kumuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii mtoto wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kutua mzigo. Tatu, asiruhusiwe kwenda nyumbani bila mpango ulioandikwa pamoja na mzazi, na mhudumu ampigie simu ndani ya siku chache. Siku na wiki za kwanza baada ya kutoka hospitalini ndizo zenye hatari kubwa.

Nasi nyumbani tuna wajibu wetu. Tufungie dawa na sumu za shambani. Mtoto akifungua moyo, tumsikilize hadi amalize kabla ya kumshauri. Tusimwache peke yake akiwa katika hatari, tumpeleke hospitalini. Nambari 116 ya simu ya watoto hupigwa bila malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Afya imegatuliwa kwa kaunti, kwa hiyo maamuzi mengi kuhusu mambo haya hufanywa karibu nasi. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Kikao cha kukusanya maoni ya wananchi kikitangazwa, nenda, na uende na jirani, mwalimu, imamu au mchungaji wako. Barabara na maji vina watetezi wengi. Watoto hawa wanakuhitaji wewe. Simama umuulize mwakilishi wadi wako: katika bajeti hii, ni shilingi ngapi zimetengwa kwa mtoto atakayeletwa usiku akisema amechoka kuishi? Usiketi hadi akujibu.