Mpelelezi Hanyooshi Kidole Haraka

Mwezi huu tunataka kuzungumza juu ya hadithi za upelelezi, zile ambazo mtu ameuawa au mali imeibwa, na hakuna ajuaye nani kafanya mpaka kurasa za mwisho. Katika vikundi vya akina mama hapa Singida swali hili limekuwa likirudi mara kwa mara: Je, inafaa mama Mkristo kusoma vitabu vya namna hii? Je, aviache mezani ambapo watoto watavikuta? Wapo wanaosema ni vitabu vya damu na pombe tu. Wapo pia wanaovisoma kwa siri, wamevifunika kwa gazeti ili mgeni asione jalada.

Sisi tunasema vipo vya kuacha na vipo vya kusoma, na tutavitaja. Lakini kwanza tueleze faida iliyomo, maana watu wengi hawaioni. Hadithi nzuri ya upelelezi inamfundisha msomaji jambo moja kubwa: usimnyooshee mtu kidole kabla hujapata ushahidi.

Upelelezi umo hata katika Maandiko

Mama anayeogopa hadithi hizi na akumbuke hukumu ya Mfalme Sulemani katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Wanawake wawili, mtoto mmoja aliye hai, na hakuna shahidi. Mfalme hakuangalia ni yupi mwenye sura ya uongo, wala hakuuliza majirani wanasemaje. Alitoa amri ya upanga, akawatazama wote wawili, na mama halisi akajulikana kwa huruma yake.

Katika Biblia ya Kikatoliki, Kitabu cha Danieli kina pia habari ya Susana. Wazee wawili wenye heshima walimsingizia uzinzi, na watu wakakubali kwa sababu waliosema ni wazee. Kijana Danieli aliwatenga wazee wale, akamwuliza kila mmoja peke yake ni chini ya mti gani walimkuta. Huyu akataja mti huu, yule akataja mwingine. Uongo ukafichuka, na mwanamke asiye na hatia akaokoka. Hata leo polisi huwahoji mashahidi mmoja mmoja kwa sababu hiyo hiyo.

Bwana Msa na mzimu

Katika Kiswahili, baba wa hadithi hizi ni Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 1991. Sisi wa idara ya afya tunafurahi kujua kwamba alipomaliza shule mwaka 1938 kazi yake ya kwanza ilikuwa ukaguzi wa afya, kabla ya kuingia katika uandishi wa magazeti. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi ya miaka ya 1957 na 1958, ikachapishwa kuwa kitabu mwaka 1960.

Humo Bwana Ali anakutwa ameuawa mahali pa mzimu. Watu wanaogopa, na wako tayari kusema kwamba mzimu umekasirika. Ndipo anapokuja Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum. Yeye hagombani na imani ya watu, wala hawacheki. Anauliza tu maswali: nani alikuwa wapi, saa ngapi, nani anafaidika. Hatutawaambia mwisho wake, tusije tukawaharibia utamu. Baadaye Abdulla aliandika Kisima cha Giningi, kilichotoka mwaka 1968. Giningi, katika masimulizi ya Unguja, ni makao ya wachawi. Mwandishi alijua vizuri anachokifanya: aliichukua hofu ya watu wake, akaweka taa katikati yake.

Hapa kwetu Singida

Mkoa wetu nao una habari yake, tena ya kweli. Katika miaka ya 1940, wakati wa utawala wa Waingereza, watu waliuawa katika vijiji vya Wanyaturu, na majeraha yao yalifanana na ya kuraruliwa na simba. Wengi waliamini kuwa ni kazi ya wachawi wenye kuamuru wanyama. Serikali ilipochunguza, ilipeleka mahakamani watu walioshitakiwa kuua huku wakijifanya simba, na baadhi yao walinyongwa. Wataalamu wameendelea kuijadili habari hiyo ya watu-simba kwa miaka mingi. Sisi tunajifunza hili: pale ambapo kila mtu amekwisha kuridhika na neno "uchawi", hakuna anayeitafuta tena silaha, na mwuaji anatembea kwa raha. Hofu humfichia mkosaji njia.

Tusidhani kwamba mambo haya yamekwisha. Kwa miaka mingi, katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na ya magharibi mwa nchi yetu, bibi vizee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi "ushahidi" umekuwa ni macho mekundu. Akina mama, ni nani asiyejua macho mekundu yanatoka wapi? Ni moshi. Mwanamke aliyeinamia mafiga miaka hamsini, akipikia kuni au samadi kavu ndani ya nyumba isiyo na dirisha, atakuwa na macho ya namna gani? Mpelelezi angetazama jikoni kwanza.

Vivyo hivyo mtoto akipata degedege usiku. Sisi tulio katika uuguzi tumeona mara nyingi mama akifika amechelewa, kwa sababu ukoo ulianza kwanza kutafuta nani kamtazama mtoto vibaya, na kidole kikaenda kwa mama mkwe au kwa jirani asiye na watoto. Wakati huo huo mtoto ana homa kali, na huenda ni malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, umkimbize kituo cha afya. Damu ikipimwa, mshitakiwa halisi atajulikana, na mara nyingi ni mbu. Nyumba ngapi zimevunjika kwa kosa la mbu!

Muuguzi aliyekuwa akisoma riwaya

Tuwape kisa kimoja kinachotupendeza sana. Mwaka 1977 mtoto wa kike wa miezi 19 alipelekwa kutoka Qatar hadi hospitali ya Hammersmith, London. Hali yake ilikuwa mbaya, na madaktari walishindwa kutambua ugonjwa. Muuguzi mmoja aliyekuwa akimtunza alikuwa akisoma The Pale Horse, riwaya ya Agatha Christie ya mwaka 1961. Katika riwaya hiyo watu wanakufa, na inasemekana ni kwa nguvu za uchawi, kumbe wamelishwa sumu iitwayo thaliamu, ambayo hunyonyoa nywele. Muuguzi aliona nywele za mtoto zimeanza kunyonyoka, akawaambia madaktari. Wakapima, wakakuta ni thaliamu kweli. Ilikuwa imetoka katika dawa ya kuulia mende na panya iliyotumika nyumbani kwao. Mtoto akatibiwa, akapata nafuu.

Christie mwenyewe alijua anachoandika. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi ya uuguzi katika hospitali ya mji wake wa Torquay, kisha katika chumba cha dawa, na huko ndiko alikojifunza habari za sumu. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1920.

Mama, ukimaliza kusoma kisa hiki, inuka ukague nyumba yako. Dawa ya panya iko wapi? Dawa ya kuogeshea ng'ombe iko wapi? Mafuta ya taa umeyatia katika chupa ya soda? Mtoto mdogo hajui kusoma kibandiko. Yeye anaijua chupa tu. Weka vitu hivyo juu, ndani ya sanduku lenye kufuli, na kamwe usivitie katika vyombo vya chakula.

Tuchague vipi?

Kwa mama anayeanza, na kwa kijana wa sekondari, tunapendekeza Bwana Msa kwanza. Kiswahili chake ni kitamu, mafumbo yake ni ya akili, na damu ni kidogo.

Baada yake soma Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, ya mwaka 1965, yenye Inspekta Wingo. Hapa tunatoka Unguja na kuingia mambo ya mjini: polisi, simu na magari. Ni kitabu kifupi, unaweza kukimaliza siku chache baada ya kazi za alizeti.

Elvis Musiba alitupa Willy Gamba, katika Kufa na Kupona cha mwaka 1974 na vingine vilivyofuata. Huyu ni mpelelezi wa serikali, na ndani yake mna habari ya mapambano ya ukombozi wa kusini mwa Afrika, jambo ambalo watoto wetu wanapaswa kulijua. Lakini Willy anapenda pombe na wanawake, na risasi ni nyingi. Ni cha watu wazima. Hali kadhalika vitabu vya Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, vyenye Joram Kiango: vina mwendo wa kasi na vimependwa sana. Mama asome kwanza mwenyewe, ndipo aamue juu ya kijana wake. Kumkataza kijana kitabu usichokisoma ni kumhukumu mtu bila kumsikiliza.

Kwa wanaosoma Kiingereza, Alexander McCall Smith alianza mwaka 1998 vitabu vya Precious Ramotswe, mama wa Botswana aliyefungua ofisi ya upelelezi. Mafumbo yake ni ya kina sisi: waume wanaopotea, watoto wasioonekana, watu wanaodanganyana. Anayatatua kwa subira na chai.

Acheni tu vile vitabu ambavyo uchafu ndiyo bidhaa yenyewe na kisa ni kisingizio. Mtavitambua: ukiondoa kurasa hizo, hakibaki kitu.

Njia nzuri ya kusoma ni katika kikundi. Mmoja asome kwa sauti, wengine wakichambua mchele au kufuma. Mkifika sura ya mwisho, mfunge kitabu. Kila mama amtaje anayemdhani kuwa mkosaji, na aseme ushahidi wake ni upi. Atakayesema "moyo wangu unaniambia tu" aambiwe atafute zaidi. Kisha mfungue kitabu, mwone ni wangapi walimhukumu asiye na hatia.

Na siku fedha ya matumizi itakapopotea nyumbani, kabla hujamwita binti wa kazi na kumpekua mbele ya watoto, fanya kama Bwana Msa. Keti. Uliza nani alikuwa wapi. Tazama mfuko wa gauni ulilovaa jana. Binti yule naye ana mama, na jina lake likishachafuka kijijini kwao halifuliki kwa sabuni.