Tusimfanye Mchina Kisingizio

Wiki ya mitihani ya majaribio malaria ilinilaza hosteli siku tatu. Mshikaji ninayekaa naye chumba kimoja akaniletea chupa ya dawa ya mizizi, na mahubiri juu: "Achana na vidonge vya Wazungu, mwanangu. Mbona Wachina wanaheshimu tiba zao za asili na wamefika mbali?" Kichwa kilikuwa kinagonga, sikumjibu. Namjibu leo.

Kwanza, hiyo dawa mseto niliyokuwa nameza asili yake ni huko huko China. Wakati wa vita vya Vietnam malaria ilikuwa inawamaliza wanajeshi wa Kaskazini, na klorokwini ilishaanza kushindwa. Tarehe 23 Mei 1967 China ikaanzisha mradi wa siri, ukaitwa 523 kwa ajili ya tarehe hiyo. Mwaka 1969 mtafiti Tu Youyou akaingizwa. Kundi lake likakusanya maelekezo ya dawa zaidi ya 2,000 kutoka vitabu vya kale na kwa waganga, kisha wakaanza kuzijaribu kwa panya. Nyingi hazikufua dafu. Hata qinghao, mmea wa jamii ya pakanga, ulileta matumaini halafu ukafeli.

Tu akarudi kwenye kitabu cha Ge Hong, tabibu wa karne ya 4. Humo mmea unalowekwa, unakamuliwa, maji yananywewe. Kuchemsha hakutajwi! Akawaza: huenda moto ndio unaoua dawa. Akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo, na Oktoba 1971 dawa ikafyeka vimelea vyote kwenye panya. Kabla ya kumpa mgonjwa yeyote, yeye na wenzake wakainywa wenyewe. Nobel ikaja 2015.

Sasa niambie, hapo heshima iko wapi? Mimi naiona kwa panya. Kitabu kilitoa fununu tu, na kama wangeishia kukisifia, mimi ningekuwa nimelala pale na chupa ya mizizi.

Halafu hao Wachina wenyewe hawakuwa kitu kimoja. Mwaka 1929 serikali yao ilitaka kuifuta kabisa tiba ya jadi, waganga wakakusanyika Shanghai kupinga, mpango ukakwama. Vyuo vikubwa vya tiba hiyo vikaja 1956, chini ya Mao. Na uasili si usalama: miaka ya 1990 huko Ubelgiji wanawake wengi waliomeza vidonge vya kupunguza unene vyenye mmea wa Kichina waliharibika figo.

Wahadhiri wanaocheka muarobaini bila kuupima nao siwaungi mkono, ni uvivu ule ule umevaa koti jeupe.

Nilipopona nikamuuliza mshikaji ile ilikuwa mizizi ya mti gani, na kipimo chake ni kiasi gani. Akaitazama chupa, akacheka.

"Ya nyumbani, bwana. Unakunywa tu."