Siku 26 Zinatosha



Huku kwetu Ringwani, Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, Waislamu si wengi, na harusi ikitajwa swali la kwanza ni ng'ombe wangapi. La pili ni kamati: nani mwenyekiti, nani mweka hazina, kadi za mchango tayari? Basi binti mmoja alipokuja kwenye kibanda chetu cha ushonaji akasema anaolewa baada ya siku 26, hana kamati, hana ukumbi wala hataki sare, mama yake aliketi kwenye benchi akainamisha kichwa. Mchumba alipata kazi mbali na likizo yake ilikuwa fupi. Majirani walishaanza kunong'ona: haraka yote hiyo, lazima ana mimba.

Hakuwa na mimba. Na hata kibiashara, harusi yake haikuwa na faida kwetu. Sisi mafundi tunakula kwenye harusi kubwa: sare za kamati, za mashangazi, za wapambe. Hata hivyo tunasema wazi: muda mfupi si aibu. Aibu ni kuumaliza muda huo kwa vinavyoonekana na kusahau haki za bi harusi.

Siku ile hatukumpima gauni. Tulimwambia aende na mchumba wake kwa imamu anayefungisha ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika huku Bara, inataka notisi itolewe angalau siku 21 kabla ya ndoa. Toa 21 kwenye 26, zinabaki 5. Angezunguka wiki moja akichagua lesi, tarehe ingempita. Ninyi wa visiwani mna utaratibu wenu. Muulizeni kadhi mapema.

Kisha tukahesabu naye nguzo: mume, mke, walii, mashahidi wawili, na tamko la kuozesha na kukubali. Hakuna keki humo, dada, wala MC.

Kazi ilikuwa kwenye mahari. Baba yake alishafariki, walii ni baba yake mkubwa, na mzee alitaka ng'ombe. Hatumdharau. Huku ng'ombe ni heshima ya ukoo, na binti asiyetolewa ng'ombe huonekana kama hana kwao. Lakini aya ya 4 ya Suratun Nisaa inaamrisha wanawake wapewe mahari yao, wao wenyewe. Na sheria ya nchi haibatilishi ndoa kwa sababu tu mila ya mahari haikutimizwa. Binti alitaja mahari yake: cherehani. Imamu alikwenda kwa mzee mara tatu. Mara ya tatu alikubali kuozesha, ila ami zake wawili hawakuja siku ya harusi. Hilo lilimuuma, hatutaficha.

Gauni tulilishona siku nne: lesi nyeupe juu ya satini, mikono mirefu, shingo iliyofungwa, bila mkia, ili akivua shela aweze kulivaa Idi. Walima ilikuwa uani kwao baada ya Adhuhuri, mbuzi wawili na pilau. Aliyeona ni kidogo tulimkumbusha walima ya mama yetu Safiyya, njiani wakirudi kutoka Khaybar: tende, jibini na samli juu ya mikeka ya ngozi, bila nyama wala mkate.

Wengine husema harusi ni mara moja, acheni watu wafurahi. Furaha tunaitaka, na dufu lilipigwa. Lakini tumeshona magauni ya mabibi harusi waliorudi miezi michache baadaye kutuuliza kama tunamjua mtu wa kuyanunua, walipe deni la ukumbi.

Kuna haraka tunayoikataa: ya binti anayesukumwa, au ya mchumba ambaye hakuna aliyeulizia habari zake. Hapo hata siku 100 hazitoshi. Ila kama ridhaa ipo na watu wanajuana, anza hivi: notisi, walii, mahari mkononi mwako, cheti baada ya nikaha. Kwa fundi njoo mwisho. Tutakesha, in shaa Allah, na gauni litakuwa tayari.

Yule binti aliondoka na basi la asubuhi, cherehani yake imefungwa kwa khanga, ameikumbatia mapajani. Mama yake alimpungia mkono mpaka vumbi likatulia, kisha akapita kwetu kutuuliza kama tunaweza kumpunguzia baibui lake.

Allah awajaalie ndoa zenye utulivu na baraka.