Kabla ya Kutega Jua, Tukague Paa

Bili za stima zinazielemea shule zetu za bweni, na si ajabu kwamba kamati za shule zimeanza kuinua macho kwenye mapaa. Hapana shaka kuwa jua laweza kupunguza mzigo huo. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, kiliweka paneli za sola zenye uwezo wa kilowati 600 mwaka wa 2014. Aidha, kanuni zilizotolewa mwaka wa 2024 zinamruhusu mteja kupeleka umeme wa ziada katika gridi ya taifa na kufidiwa kwenye bili yake.

Hata hivyo, majengo ya Strathmore ni ya kisasa. Swali gumu liko milimani, katika majengo ya mawe yaliyoachwa na wamisionari, ambao wale wa Consolata walifika Tuthu, Murang'a, mwaka wa 1902. Je, mapaa ya kale yatastahimili teknolojia hii?

Kwanza tuondoe dhana kwamba baridi haifai sola. Paneli hutumia mwanga wala si joto. Kila nyuzi moja inayozidi 25 huipunguzia paneli ya kawaida takriban asilimia 0.4 ya nguvu zake. Kwa hiyo baridi ya Nyeri ni neema. Adui ni mawingu na ukungu wa Julai. Fundi akipiga hesabu kwa jua la Januari, wanafunzi watadurusu gizani ifikapo Julai.

Pili, kuna sura ya jengo. Ulaya, paneli hufaa zaidi zikielekea kusini, na pengine huko ndiko uliko uso wa jengo. Ndipo wahifadhi na mafundi wa sola huvutana. Sisi tuko Ikweta. Jua hutupitia karibu na utosi, likiegemea kaskazini miezi kadhaa na kusini miezi mingine. Paa lisilo na mwinamo mkali huzalisha umeme wa kutosha hata upande wa nyuma, kwa hiyo uso wa jengo waweza kuachwa jinsi ulivyo. Na jengo lililotangazwa kuwa turathi linalindwa na sheria ya mwaka wa 2006. Haliguswi bila idhini.

Hatari kubwa imo chini ya mabati. Paneli moja huwa na uzito wa kilo 20 hivi. Paneli 40 ni kilo 800, mbali na vyuma vya kuzishikilia, na upepo wa mlimani huweza kuzivuta juu kama tanga. Boriti iliyoliwa na mchwa haitamudu. Ikiwa paa ni la asbesto, kulitoboa ni kutawanya vumbi linaloleta saratani.

Tangu mwaka wa 2012, kanuni zetu zimetaka fundi wa sola awe na leseni. Lakini fundi wa umeme si mhandisi wa majengo. Usipoziba ufa utajenga ukuta: paneli hudumu takriban miaka 25, na paa likioza kabla ya hapo, zote zitashushwa kwa gharama mpya.

Basi walimu wakuu na wazazi wadai ripoti ya mhandisi kabla ya kutia saini mkataba wowote. Paa likionekana dhaifu, paneli ziwekwe kwenye jengo jipya zaidi au ardhini, na umeme uvutwe kwa waya. Jua litachomoza kesho na kesho kutwa. Paa likiporomokea vitanda vya watoto, hakuna akiba ya stima itakayofidia hasara hiyo.