Kabla ya Kisanduku, Nunua Waya

JICHO LA MPAKANI
Na Yonasi Thembo

Kwenye maduka ya vifaa vya umeme pale Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, katikati ya chaja na redio, kinauzwa kisanduku cheusi kinachoenea kiganjani. Upande mmoja kina matundu matatu, la njano, jeupe na jekundu. Upande wa pili kina tundu moja la HDMI. Mgongoni kimeandikwa 1080p. Muuzaji atakuapia kwamba ukichomeka PlayStation 2 yako kuukuu, picha itatoka HD. Maandishi yenyewe si ya uongo, kwani kisanduku hutoa kweli mistari 1,080. Kisichosemwa ni mistari hiyo imetengenezwa kwa kitu gani, na hapo ndipo hela ya mtu inapoliwa.

Nalileta suala hili kwa kuwa TV za kichogo zinaisha majumbani mwetu, lakini mashine za gemu zilizokuwa zikichezewa juu yake bado nzima. Huku Bugoye, wilayani Kasese, tuna mtambo wa umeme wa megawati 13 kwenye mto Mubuku, uliozinduliwa 2009, lakini nguzo hazikupanda kila kilima, na nyumba nyingi za juu huwaka kwa sola. Kichogo cha inchi 21 hula wati 60 na zaidi. TV bapa ndogo ya sola inaridhika na wati zisizofika 20. Mwenye betri moja hana haja ya kushauriwa achague ipi.

Kisha yakaja matangazo ya dijitali. Mkataba wa Geneva wa 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa analogi, na Uganda ikaanza kuzima mitambo yake mwaka huohuo. Kichogo hakikufa siku ile, maana king'amuzi kiliweza kukihudumia kupitia tundu la AV. Tatizo ni kwamba vichogo vingi vilikuwa na tundu hilo moja tu, nalo ndilo lililokuwa la gemu. Kuanzia hapo kila jioni ikawa vita: baba anataka habari, watoto wako dakika ya 80 ya fainali, na waya wa njano unachomolewa na kuchomekwa mpaka tundu linalegea. Nyumba ngapi zilinunua bapa kwa ajili ya amani tu, Mungu ndiye ajuaye.

Bapa imefika, gemu imechomekwa, na picha ni ya ovyo. Sura za wachezaji zimeyeyuka, matokeo pale juu kwenye kona hayasomeki, kingo za herufi zinatambaa kama zina wadudu. Watu husema mashine imezeeka. Haikuzeeka. PlayStation 2 inatoa leo picha ileile iliyotoa ilipoingia sokoni Japani Machi 2000.

Kosa la kwanza liko kwenye waya wa njano. Waya huo unabeba mwanga na rangi vikiwa vimechanganywa pamoja, na TV ndiyo inayopaswa kuvitenganisha. Ni sawa na kumwambia mtu atoe maziwa kwenye chai iliyokwisha kukorogwa. Kichogo kilikuwa na kioo kidogo na mng'ao laini uliositiri aibu hiyo. Bapa ya inchi 43 haisitiri kitu. Na kile kisanduku cheusi kinapokea chai hiyohiyo, kinaikuza na kuituma mbele ikiwa na kila doa lake. Undani wa picha uliopotea kwenye waya hakuna mashine inayoweza kuurudisha baadaye, hata ingeuzwa bei ya ng'ombe.

Kosa la pili ni la ndani zaidi, na linazigusa hasa mashine za kaseti: Sega, Nintendo, na zile za Kichina zilizoiga Famicom zikauzwa kila soko. Picha ya TV ya kawaida ilichorwa kwa nusu mbili, kwanza mistari ya witiri, kisha ya shufwa. Waundaji wa gemu za zamani waligundua njia ya mkato: kuchora mistari ileile kila safari, yapata 240, na kuiacha ile mingine giza. Kichogo hakikujali, kilichora kilichopewa. Bapa nyingi, na visanduku vya bei rahisi, havijui kwamba huo ni mchezo wa makusudi. Vinadhani vimepewa nusu ya picha, vinasubiri nusu nyingine, kisha vinaziunganisha mbili zisizo za wakati mmoja. Ndiyo maana mtu akikimbia kwenye gemu anaota meno ya kitana ubavuni. Na yule aliyepigwa risasi, ambaye zamani alikuwa akimemeta kuonyesha ameumia, sasa hutoweka kabisa au husimama pale akiwa amekatwa vipande vipande.

Kukuza vizuri, kwa hiyo, kunaanza na kutambua. Mashine iliyofundishwa ikiona mistari 240 huirudia kila mmoja mara kamili. Mara tisa ni 2,160, ambayo ndiyo hesabu ya mistari ya TV ya 4K, bila baki. Kwenye TV ya 1,080 hesabu inagoma: mara nne inakuwa 960 na kuacha ukanda mweusi juu na chini. Mimi naupenda ukanda huo kuliko picha iliyovutwa ili ijae.

Halafu kuna kuchelewa, nalo ndilo vijana wanalolilalamikia kuliko ubora wa picha. Kwenye kibanda kimoja karibu na soko la Mpondwe nilimtazama kijana akipigiwa penalti kwenye gemu ya soka ya PES. Alibonyeza padi, iliyofungwa kwa gundi ya karatasi mgongoni, na golikipa wake akaruka mpira ukiwa tayari wavuni. Akalaani padi. Akabadilishiwa, akafungwa tena vilevile. Mwenye kibanda, mzee wa makamo asiye na haraka, akachukua rimoti ya TV, akazama kwenye mipangilio, akatafuta hali ya gemu na kuiwasha. Penalti iliyofuata ilipanguliwa, na mshindani akaanza kudai kwamba mechi irudiwe.

Alichofanya mzee yule ni kuizuia TV isijipambe. Bapa ikipokea picha hupenda kuilainisha na kuikoleza rangi kabla ya kuionyesha, na kazi hiyo inaweza kula hata sehemu ya kumi ya sekunde. Mashine ya gemu huchora picha 50 au 60 kwa sekunde. Piga hesabu uone zimepita ngapi kidole kikiwa kimeshabonyeza. Kisanduku cha bei rahisi kinaongeza ucheleweshaji wake juu ya huo. Kichogo hakikuwa na jiko la kupikia picha: umeme uliingia na nuru ikatoka.

Sisi wa mpakani tulikuwa na mkanganyiko wetu wa ziada. Uganda ilitumia mfumo wa rangi wa PAL. Ng'ambo ya mto Lhubiriha, Kongo ilitumia SECAM ya Wafaransa. Na mashine zilizotoka Japani au Marekani zilikuja na NTSC. Asiye na TV ya mifumo yote alichomeka gemu akapata picha nyeusi na nyeupe, akamsingizia aliyemuuzia. Na wenye PAL walipunjwa bila kujua: gemu zilizoundwa kwa picha 60 kwa sekunde zilipochezwa kwa 50 bila kurekebishwa, zilikwenda polepole kwa karibu asilimia 17. Sonic, aliyesifiwa dunia nzima kwa mbio, alifika kwetu amechoka.

Sasa ushauri, maana wasomaji huniuliza wanunue kipi. Mwenye PlayStation 2 anunue kwanza waya wa komponenti, ule wenye vichwa vitano: kijani, bluu na nyekundu vya picha, viwili vya sauti. Humo mwanga na rangi vimesafiri kila kimoja na njia yake. Kama TV ina matundu hayo, huhitaji kisanduku chochote. Kama haina, kipo kipachiko kidogo cha HDMI kinachochomekwa mgongoni mwa mashine na kuchukua picha ileile iliyotenganishwa. Hakikuzi kitu, kinapitisha tu, na bado kinakishinda kile cheusi cha matundu matatu. Rangi zikitoka za ajabu usirudi dukani kugombana. Ingia kwenye mipangilio ya mashine, pale pa komponenti, ubadilishe kutoka RGB kwenda Y Cb/Pb Cr/Pr. Baada ya hapo washa hali ya gemu kwenye TV.

Wapo wanaotaka zaidi, na dunia imewatengenezea. Mfini Markus Hiienkari alibuni OSSC, kikuzaji ambacho michoro yake iko wazi kwa yeyote. Kinarudia mistari papo hapo inapoingia, bila kuihifadhi picha nzima, kwa hiyo hakicheleweshi kiasi cha mtu kuhisi. Kwa gemu za mistari 240 ni kitu safi. Kwa PlayStation 2, ambayo gemu zake nyingi hutoka kwa nusu mbili, picha hutetemeka kidogo. Juu yake ipo RetroTINK-4K ya Mike Chi, iliyotoka mwishoni mwa 2023 kwa dola 750. Inaweza hata kuigiza mng'ao wa kichogo juu ya bapa. Ndiyo: dola 750 ili TV mpya ifanane na ile tunayoitupa korongoni.

Mimi siwezi kumshauri mtu wa Kasese atoe pesa hizo. Ila michoro ya OSSC ningependa kuiona kwenye meza za vyuo vyetu vya ufundi. Mwanafunzi anayefundishwa kuchomea bodi za redio zisizotengenezwa tena angejifunza pale ishara, saa na hesabu kwa kitu ambacho vijana wa mtaani kwake wangelipia leo. Na wenye maduka waache kupachika neno HD juu ya waya wa njano. Waandike tu "kibadilisha tundu", watu watanunua vilevile.

Kimebaki kisa cha bunduki ya kupigia bata, inayokuja na mashine za Famicom. Hiyo haina kisanduku wala waya wa kuiponya. Bunduki ile haipigi chochote, inatazama: ina jicho linalosubiri nuru ya kichogo kwenye nukta ya wakati inayotarajiwa, na bapa ikichelewa hata kidogo, bata hafi. Mwenye bunduki hiyo atafute kichogo kwa jirani kabla hakijapelekwa kwenye taka. Hakigharimu zaidi ya kukibeba, na awe na mtu wa kumsaidia, maana uzito wote uko mbele, upande wa kioo.